Kuuzunguka Mlima Kenya kwa tumbo: Kwa nini natetea hoteli za matawi

NDUGU yangu mdogo ana hoteli mjini Karatina. Ni hoteli ya meza tisa, yenye jiko la kuni upande wa nyuma na kabati la kioo la mandazi mlangoni. Hoteli hiyo imemsomeshea watoto watatu. Kwa hivyo Agosti iliyopita, nilipompigia simu kumwarifu kwamba ningepita kumchukua Mama ili tuuzunguke Mlima Kenya pamoja na watoto, na kwamba watoto wameomba tule chakula cha mchana katika ile hoteli ya kuku ya Nyeri yenye jina kubwa, alinyamaza kwa muda. Kisha akaniuliza, "Dada, kwa hivyo hata wewe?"

Swali hilo, msomaji mpenzi, lilinichoma. Nilijaribu kulicheka lakini halikuchekeka. Hoteli za matawi, yaani zile zenye jina moja, rangi moja na orodha moja ya vyakula katika kila mji, zimeanza kuukwea mlima wetu. Zilianzia Nairobi, zikashuka Thika, na sasa zimefika huku kwetu. Wapo wanaozishangilia na wapo wanaozilaani, na wengi wa wanaozilaani huonekana humo jioni wakilamba vidole.

Mimi sitajificha. Nazipenda, na leo nitasema kwa nini. Lakini kwa kuwa ninayebishana naye ni mtoto wa mama yangu, itanibidi niseme ukweli wote, hata ule usionipendelea.

HOTELI ZA ENZI ZETU

Waliokulia vijijini katika miaka ya sabini na themanini wataukumbuka mji wa sokoni ulivyokuwa. Hoteli ilikuwa mahali pa wanaume. Mbele palining'inia mapaja ya nyama, katikati wanaume walicheza drafti, na nyuma kulikuwa na baa. Mwanamke aliyeketi peke yake aliulizwa anamngoja nani. Akijibu kwamba anangoja chai, wenzake walitazamana.

Mama yangu alikwenda soko la Karatina mara mbili kwa wiki kwa zaidi ya miaka ishirini akiuza kabichi na karoti. Katika muda huo wote hakuwahi kuketi hotelini. Alikula nduma aliyoibeba kutoka nyumbani, akiwa amesimama kando ya gunia lake. Si kwamba alikosa shilingi za chai. Alikosa mahali ambapo mwanamke aliyeolewa angeketi bila kusemwa.

Na choo je? Hapa nawaomba wanaume wasome kwa makini, kwa maana wao hawajui. Mwanamke anayesafiri na watoto hupanga safari yake kwa kuhesabu vyoo, si maili. Nimewahi kuuliza choo katika hoteli nyingi za kando ya barabara nikaelekezwa nyuma ya nyumba, ama nikapewa ufunguo uliofungwa kwenye kipande cha ubao na kukuta mlango usio na komeo.

Mwaka 2009 mtoto wangu wa kwanza alikula sambusa katika hoteli moja ya stendi ambayo siitaji jina. Siku tatu alilazwa hospitalini akiwekewa maji kwa mshipa. Nilikaa kando ya kitanda chake nikijiuliza mafuta yale yalikuwa ya juzi au ya mtondo, na ile nyama ilikaa wapi usiku. Nilipopata nguvu za kurudi kuuliza, aliyekuwa akiuza alikuwa amekwenda zake, na mwenye nyumba alisema yeye hupokea kodi tu.

Basi hapo ndipo nilipojifunza thamani ya jina. Mwenye matawi mengi ana mengi ya kupoteza. Mtoto akiugua katika tawi moja, habari hufika matawi yote, na makao makuu hayawezi kusema yamekwenda zake.

Wala jambo hili si geni duniani. Fred Harvey alianza hoteli zake katika vituo vya reli vya Marekani mwaka 1876, wakati ambapo abiria walikuwa wakiuziwa maharagwe ya zamani na nyama isiyotafunika. Alifaulu kwa sababu msafiri alijua kwamba kituo kinachofuata angekuta meza safi ileile. Jijini London, kampuni ya Lyons ilifungua duka lake la kwanza la chai mtaani Piccadilly mwaka 1894. Maduka hayo yakaenea, na yakawa miongoni mwa mahali pa kwanza ambapo mwanamke wa kawaida aliweza kuketi peke yake na kula bila kutiliwa shaka. Mama yangu alichokikosa Karatina, kina mama wa London walikipata kwa njia ya hoteli za matawi.

MJI ULIOITWA KWA JINA LA PETROLI

Tuliondoka Nairobi saa kumi na mbili asubuhi. Baada ya Thika, barabara ikatufikisha Kenol, katika kaunti ya Murang'a. Kijana wangu mdogo, ambaye hupenda kuuliza, akataka kujua maana ya jina hilo kwa Kikuyu.

Nikamwambia si Kikuyu. Kenol lilikuwa jina la kampuni ya mafuta iliyokuwa na kituo cha petroli mahali hapo. Makanga wakalitumia kama jina la stendi, stendi ikawa soko, soko likawa mji. Kampuni yenyewe, baada ya kuungana na Kobil, ilinunuliwa na Rubis ya Ufaransa mwaka 2019 na vituo vikabadilishwa rangi. Mji umebaki Kenol. Hii maana yake ni kwamba jina la mgeni mwenye matawi likikaa sana mahali huwa la wenyeji, na hatimaye mgeni huenda na wenyeji wakalibakisha.

Karatina tulifika saa tatu kasorobo. Mama alikuwa amekwisha kufika kwa ndugu yangu, amejifunga leso yake ya safari. Tulikunywa chai ya maziwa yenye tangawizi na kula mukimo uliopashwa moto kwenye sufuria. Nasema bila kupepesa: hakuna hoteli ya matawi nchini Kenya itakayonipa mukimo kama ule.

"Usiache mbachao kwa msala upitao," ndugu yangu alisema akipangusa meza ambayo tayari ilikuwa safi.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," nilimjibu.

"Apone ama afunge?" aliniuliza, na hakucheka.

Ndipo aliponieleza kwa sauti ya chini, ili Mama asisikie, kwamba vijana hawaji tena. Wanafunzi wa vyuo, makarani wa benki na hata wenye bodaboda wakipata pesa hupanda gari kwenda Nyeri kula kuku na kupiga picha. Wanaobaki kwake ni wazee wa chai na watu wa sokoni. Mwaka huu amepunguza mfanyakazi mmoja. Nilijuta kwamba tangu mwanzo nililifanya jambo hili kuwa mzaha.

NYERI NA WAGENI WAKE

Kutoka Karatina tulipita Marua tukaingia mji wa Nyeri. Kwa ndugu yangu na wenzake, Nyeri ya kweli ni ile ya zamani, na fahari yake ni Outspan. Nani asiyeijua Outspan? Ilijengwa na Eric Sherbrooke Walker mwishoni mwa miaka ya ishirini, naye ndiye aliyejenga Treetops mwaka 1932, kule ambako Elizabeth alilala binti mfalme akaamka malkia mwezi Februari 1952. Katika uwanja wa Outspan kuna Paxtu, nyumba ndogo alikoishi Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, hadi alipofariki mwaka 1941 na kuzikwa hapa mjini.

Lakini wachache hukumbuka kwamba Outspan na Treetops kwa miaka mingi zilikuwa mali ya Block Hotels, kampuni iliyomiliki pia Norfolk ya Nairobi. Yaani hoteli tunayoionyesha wageni kama moyo wa Nyeri ilikuwa tawi! Ukienda upande wa Nanyuki, Mount Kenya Safari Club, iliyoanzishwa mwaka 1959 na wenzake William Holden mwigizaji wa sinema, imebeba jina la Fairmont, kampuni yenye hoteli katika nchi nyingi. Kwa tajiri, tawi huitwa heshima. Kwa mtoto wangu anayetaka paja la kuku, tawi huitwa utumwa. Sioni haki hapo.

Ile hoteli ya kuku sitaitaja jina, kwa kuwa sikulipwa kuitangaza. Tulipanga foleni, tukasoma bei juu ya kaunta, tukalipa, tukapewa risiti. Mama alitazama kila kitu kama mkaguzi. Aliona wahudumu wamefunika nywele, akaona karatasi ukutani yenye saa za kusafisha choo na sahihi ya aliyesafisha. Akaenda chooni mwenyewe, peke yake, bila kusindikizwa. Aliporudi alikuwa ametabasamu. "Kuna maji," alisema, "na kuna sabuni, na mlango unafungika."

Msomaji, ungemwona Mama akiketi! Aliketi karibu na dirisha, miaka themanini na ushei, mkoba magotini, akatazama barabara. Hakuna aliyemuuliza anamngoja nani.

Kuhusu chakula chenyewe, sitadanganya. Kuku alikuwa na chumvi nyingi na vibanzi vilikuwa vichache kwa bei ile. Pesa tulizolipa sisi watano zingewalisha watu kumi na wawili kwa ndugu yangu. Watoto waliridhika. Mama alikula nusu, nusu akaifunga kwenye karatasi.

Mhudumu aliyetuletea maji alikuwa binti wa upande wa Tetu. Mama, kama ilivyo desturi yake, alimuuliza ni wa nani, anaishi na nani na analipwa vipi. Binti alimwambia kwamba hulipwa mwisho wa mwezi kupitia benki, hupewa karatasi inayoonyesha makato yake, na ana siku ya mapumziko. Mshahara si mkubwa, alikiri, na kusimama huchosha. Lakini mahali alipokuwa akifanya kazi mwanzoni, alilipwa kulingana na hali ya moyo wa mwenye hoteli. Mama alinitazama. Sote wawili tulimfikiria yule mfanyakazi aliyepunguzwa Karatina, nami nikashindwa kumeza.

UGOMVI WA VIAZI

Baada ya Nyeri, barabara ya Nanyuki hupita Kiganjo na kuingia nyanda za Kieni. Hapa watu hulima viazi, na hapa pana lawama ambayo mtetezi yeyote wa hoteli za matawi lazima aijibu.

Mapema mwaka 2022, KFC, iliyofika Kenya mwaka 2011, iliishiwa na vibanzi. Ilifahamika kwamba viazi vyake vilikuwa vikitoka Misri na kwamba meli zilikuwa zimechelewa. Wakenya walighadhabika, na walikuwa na haki. Nyandarua, Meru, Kieni na Timau zimejaa viazi, mkulima anahangaika kutafuta mnunuzi, na kibanzi kinasafiri baharini! Kampuni ilieleza kwamba wanaoiuzia chakula lazima wapitishwe kwa vipimo vya ubora vya kampuni hiyo duniani kote. Baada ya kelele, ikasema itatafuta viazi vya nyumbani.

Nilighadhabika kama wengine. Lakini nilipowauliza wakulima ninaowafahamu upande wa Narumoru, nilijifunza mengine. Aina tunayoipenda ni Shangi, kwa kuwa hukomaa haraka na huiva upesi jikoni. Lakini pia huchipuka upesi ghalani na ukubwa wake hutofautiana, hivyo mashine ya kukata vibanzi haiipendi kama aina ndefu mfano wa Markies. Halafu kuna lile gunia la kujazwa mpaka likaota kilemba, tunaloliita lumbesa. Kanuni za mwaka 2019 zilisema gunia la viazi lisizidi kilo 50, lakini dalali akija shambani na pesa mkononi, ni nani atakayepima?

Hapa ndipo naona faida. Mnunuzi mwenye matawi hununua kwa kilo, kwa mkataba, na kwa aina inayojulikana mapema. Dalali hununua kwa kilemba. Tukimlazimisha mwenye matawi anunue kwetu, mkulima wa Kieni atapimiwa kwa mizani. Hivyo kupiga kelele ilikuwa sawa kabisa. Mteja anayependa hoteli ndiye mwenye haki ya kuikaripia.

Hata hivyo mnunuzi mkubwa ana hatari yake, na Karatina inaijua. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia palikuwa na kiwanda cha kukausha mboga kwa ajili ya majeshi. Wakulima wa Mathira waliitikia, wakalima na kuuza. Vita vilipokwisha kiwanda kilifungwa, na waliolima wakabaki na uchungu. Mama aliyasikia hayo kutoka kwa mama yake. Ndiyo sababu hadi leo huniambia, "Usimuuzie mtu mmoja kabichi zako zote."

KIKOMBE CHA BABA

Karibu na Nanyuki tulisimama kwenye kibao cha ikweta, watoto wakatazama maji yakizungushwa kwenye beseni. Kisha tukaingia mjini, na hapo nikawapeleka Java House.

Nina sababu yangu ya kuipenda Java, na si keki. Baba yangu alipanda kahawa mwanzoni mwa miaka ya sitini. Kabla ya hapo, kwa muda mrefu serikali ya kikoloni ilimzuia Mwafrika kulima zao hilo, na ni Mpango wa Swynnerton wa 1954 uliofungua mlango kwa wakulima wadogo wengi. Baba alikuwa na SL28 na SL34, aina zilizochaguliwa na Maabara ya Scott huko Kabete katika miaka ya thelathini. Wanunuzi wa ng'ambo huisifu kahawa ya Nyeri kwa aina hizo hadi leo. Tuliamka alfajiri kuchuma buni nyekundu, tukazibeba mgongoni hadi kiwandani, tukazichambua juu ya gunia, zikapimwa, tukapewa karatasi. Malipo yalikuja baada ya miezi mingi. Mwaka 1977 tulicheka. Baada ya 1989, mapatano ya kimataifa ya kugawana soko yalipovunjika, bei ilianguka na majirani wengi waking'oa miti.

Baba hakung'oa yake. Alifariki mwaka 1998. Katika maisha yake yote alikunywa chai. Kahawa yake mwenyewe, ile ya kuchomwa na kusagwa vizuri, hakuwahi kuionja hata mara moja. Ilikwenda Hamburg na kwingineko, na sisi tukabaki na karatasi.

Java ilianzishwa Nairobi na Wamarekani mwaka 1999, mwaka mmoja baada ya Baba kufariki. Tangu wakati huo imepita mikononi mwa matajiri mbalimbali wa kigeni, na najua faida huenda mbali. Lakini ilifanya jambo ambalo vyama vyetu, bodi zetu na mawaziri wetu hawakulifanya: iliwazoesha Wakenya wengi kukinywa kile wanachokilima, na kukilipia. Baada yake walikuja wengine, na siku hizi hata vijana wa Nyeri wanachoma kahawa ya shamba la nyumbani na kuiuza katika pakiti.

Nilimwagizia Mama kikombe kimoja, bila maziwa kwanza. Alikinusa kwa muda mrefu. Akanywa funda moja, akakunja uso, akanywa la pili.

"Ni hii?" aliuliza.

"Ndiyo hii, Maitu."

Alikizungusha kikombe mkononi. "Basi baba yako alikuwa na haki kutoing'oa," alisema. Kisha akaomba maziwa na sukari vijiko vitatu, na akamaliza yote.

NIPENDAZO

Wasomaji wengi wataniuliza, hebu taja unazozipenda. Nitataja, za matawi na zisizo za matawi, kwa maana tumbo langu halina chama.

Kwanza ni Java ya Nanyuki kwa sababu niliyokwisha kueleza. Pili ni meza za chakula katika supamaketi za Naivas, kampuni iliyoanzia upande wa Nakuru mwaka 1990. Msafiri hununua sambusa, matunda na maziwa, akaona tarehe imeandikwa, na kuondoka. Tatu ni Kenchic, ambayo kwa wengi wa rika langu ndiyo iliyotufunza Nairobi kwamba kuku si wa Krismasi pekee. Hiyo naipenda kwa ajili ya ujana.

Kwa zisizo na matawi, au tuseme yenye matawi ya kweli, ni Trout Tree kusini mwa Nanyuki. Imejengwa juu ya mugumo, na samaki hufugwa hapo chini. Ndugu yangu huisifu kama hoteli ya kienyeji kabisa. Nilimkumbusha kwamba samaki aina ya trauti aliletwa kutoka Scotland na Ewart Grogan na kutiwa katika mto Gura mwaka 1905, na kwamba babu zetu hawakula samaki wa aina yoyote. Mahindi na viazi vya mukimo wake vilitoka Amerika. Chapati yake ilitoka Uhindi. Kila chakula mezani kwetu kilifika siku moja kikiwa mgeni, na bila shaka palikuwa na mzee aliyesema kitatuharibia watoto.

Siku ya pili tuliuzunguka mlima: Timau yenye ngano na baridi, Meru, Chuka, Embu. Kote huko nilitazama mabango. Majina makubwa yako machache, na hoteli za wenyeji ni nyingi mno. Kwa hivyo hofu ya kumezwa imekuja mapema, na hilo ni jema, kwa kuwa bado kuna muda wa kujitengeneza. Tulikula wali huko Wang'uru, Mwea, katika mashamba yaliyochimbwa mifereji na wafungwa wa vita vya Mau Mau katika miaka ya hamsini. Mchele ule wa pishori hauhitaji jina la kampuni. Harufu yake ndiyo bango lake.

JIBU LANGU KWA NDUGU YANGU

Tulirudi Karatina jua likitua. Ndugu yangu alikuwa akifunga kabati la mandazi. Nilimwambia Mama atangulie ndani, nami nikaketi naye kwenye kizingiti.

"Uliniuliza kama hata mimi," nilianza. "Ndiyo, hata mimi. Lakini sikufuata kuku. Kuku wao hakushindi. Nilifuata choo, bei iliyoandikwa, na mahali ambapo Mama ataketi bila kuulizwa swali."

Hakujibu. Nikaendelea. "Mukimo wako hawauwezi. Chai yako hawaiwezi. Lakini choo chako kina ufunguo kwenye ubao, kaka. Nilikiona jana."

Aliinamisha kichwa. Baadaye akasema jambo ambalo naona kila mtetezi wa hoteli za matawi yafaa alisikie. "Wao wana mkopo wa benki kubwa na mwanasheria wa kusoma kodi ya nyumba. Mimi kodi yangu hupandishwa kwa mdomo. Maji ya kaunti hupotea siku mbili kwa wiki. Kila ofisi inayotaka leseni huja na mtu wake. Nikikosa siku moja ya mauzo, kuna anayelala njaa. Usinilinganishe na mtu ambaye hasara ya Karatina atailipa kwa faida ya Nairobi."

Alikuwa na haki, na sina jibu la hilo. Ni kazi ya kaunti zetu kuhakikisha kwamba mwenye meza tisa anapata maji na leseni kwa njia ileile anayopata mwenye matawi thelathini. Mashindano ambayo mmoja hukimbia na gunia mgongoni si mashindano.

Lakini maji ya tangi hayangoji kaunti. Usiku ule tulihesabu pesa, yeye, mimi na dada yetu kwa simu. Mwezi uliofuata alinunua tangi. Sasa kuna sinki mlangoni yenye sabuni, bei zimeandikwa ukutani kwa rangi, na vyoo ni viwili, kimoja cha wanawake, chenye komeo kwa ndani. Yule mfanyakazi bado hajarudishwa. Ameniambia atamrudisha hesabu ikikubali, nami sitaki kuwadanganya wasomaji kwamba imekubali.

Mama huenda pale kila siku ya soko. Huketi meza ya dirishani, huagiza chai, na hulipa. Ndugu yangu alipojaribu kukataa pesa zake, alimwambia kwamba kule Nyeri alilipa na akapewa risiti, na kwamba yeye si mgeni wa hisani bali ni mteja.

Jumapili iliyopita nilipita tena na watoto. Kijana wangu mdogo aliagiza mukimo, akaukagua, akauliza kama kuna vibanzi. Ndugu yangu alinitazama.

"Vipo," alimwambia. "Vya Shangi. Ngoja dakika kumi, hapa hatukaangi mpaka mteja aje."

Tulingoja dakika ishirini na tano. Vilikuja moto, vinene kwa vyembamba, na sahani ilijaa. Nilipoomba bili, alinitoza bei kamili.